Matumbo Niliyoyala na Kisra

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka. Leo nakusimulia kwa hasira, maana nimeingia chumba cha mazoezi nikakuta lile tumbo la bandia la mpira umeligeuza meza ya chai. Nyuzi za kushonea hata hujazifungua! Na kesho umepangwa kumpasua mama wa watu.

Nilikuwa daktari mpya, nimerudi Juba kutoka Uganda, najifunza upasuaji wa akina mama. Vifaa kama vyenu hatukuwa navyo. Sista Keji, muuguzi mzee wa chumba cha upasuaji, alituagiza tununue matumbo ya mbuzi soko la Konyo Konyo, tuyakate na kuyashona nyumbani mpaka mkono uzoee. Mimi nikaona ananidharau. Na shahada yangu yote, nishone matumbo? Nikayanunua, nikayapika, nikayala na kisra, ile mikate yetu myembamba ya mtama. Kesho yake nikamwambia nimeshona yote.

Wiki ile ile tukamfungua mama mmoja wa mtaa wa Juba Na Bari, tumtoe uvimbe kwenye kizazi. Nikafunga mshipa, fundo likateleza. Damu ikajaa, nami nikasimama tu nimeduwaa. Sista Keji ndiye aliyeubana mshipa hadi daktari mkubwa akafika mbio. Mama alipona, lakini ilibidi kizazi kitolewe. Hakuwa na mtoto hata mmoja.

Sista akanivuta nje.

"Daktari, wewe ilishona ile matumbo kweli?"

"Niliyala, Sista."

Akavua glavu zake zenye damu. "Basi wewe imekula mtoto ya huyu mama."

Mpaka leo nikikutana na mama huyo sokoni, ananishika mikono yote miwili na kunishukuru kwamba nilimwokoa. Sijawahi kupata ujasiri wa kumwambia ukweli. Naitikia, natabasamu, naondoka na aibu yangu.

Kwa hiyo jina lako nimelifuta kwenye orodha ya kesho, na ukinuna, nuna. Ondoa kikombe chako hapo. Funga fundo, likiteleza lifungue, funga tena, nami nimesimama pembeni. Kosea hapo kwenye mpira usiotoka damu, ukosee mpaka uchoke kukosea. Ukishaiva nitakurudisha mwenyewe.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akuepushe na shukrani kama ninazopewa mimi.