Nilienda kumtoa mtoto shule kwa sababu ya Kichina, babamkwe akauza mbuzi darasani

Wakuu, assalaam aleikum. Wengi mnauliza kuhusu shule za serikali hapa Garissa mjini. Nasema yangu yote, wallahi sipaki rangi. Mimi niliishia form four, kwa hivyo mtanivumilia.

Binti yangu Hamdi yuko Grade 4. Darasa lao ni mchanganyiko kabisa: Wasomali, watoto wa polisi Wakamba, Wamunyoyaya wa kule mtoni, na Mluhya mmoja anayeongea Kisomali kuliko mume wangu.

Na wanafundishwa Kichina. Ndiyo, Kichina. Garissa.

Wifi yangu, ambaye watoto wake wako private, kila akija ni hiyo tu. "Abaayo, dada yangu, Kichina ataongea na ngamia?" Nacheka kwa mdomo, moyoni nachemka. Hata fomu za private nilikuwa nimechukua.

Sasa siku moja tunakula mchana. Babamkwe, sisi tunamwita awoowe, yaani babu, alikuwa dilaal soko la mifugo miaka mingi. Kama hujui, madalali wetu hawatamki bei. Wanashikana mikono chini ya shali, vidole vinaongea, aliyesimama kando haambulii kitu. Ni siri ya kazi.

Nikamuuliza Hamdi anataka sambusa ngapi. Akainua mkono, kidole gumba na kile cha mwisho vimesimama, vingine amekunja. Akafikiria kidogo, akabana vidole vitatu pamoja kama anatia chumvi.

Awoowe akaweka kijiko chini. "Nani amefundisha huyu mambo ya soko? Tena hadharani!"

"Mwalimu wa Kichina," Hamdi akasema, macho kwa sambusa.

Wakuu, niliona moto! Natuma mtoto asome, ananirudia dalali! Asubuhi nilikuwa geti la shule, fomu za private mkononi, awoowe nyuma na bakora yake, ameapa lazima amuone huyo Mchina.

Mchina mwenyewe ni Mkamba. Mwalimu Mutua. Alisomea China, akarudi.

Nikamvaa bila salamu. "Nimekuja kutoa mtoto. Unafundisha watoto udalali!"

"Mama Hamdi, mimi hata kuku napunjwa. Kaeni nyuma muone."

Tukakaa dawati la mwisho, magoti yamefika kidevuni. Na hapa niseme pia mabaya: watoto wanne dawati moja, dirisha halina kioo, choo cha wasichana hakina komeo.

Mwalimu akaanza kuhesabu. Watoto wote mkono mmoja juu, moja mpaka kumi kwa mkono huo huo. Sita ni kidole gumba na cha mwisho. Saba ni vile vya kutia chumvi.

Kumbe Hamdi aliomba sambusa sita, akaona hazitoshi, akapandisha saba!

Nilitamani kujificha ndani ya buibui yangu. Awoowe wala. Alisimama, akavua shali begani, akaenda mbele. "Mwalimu, lete mkono." Akaufunika. "Nauza mbuzi. Sema na Kichina chako."

Shali ikacheza. Awoowe akatikisa kichwa. Mwalimu akakaza. Awoowe akanuna, akageuka kama anaenda zake, akarudi. Mwisho akapiga kiganja cha mwalimu, paa! "Chukua! Mkamba amenimaliza mbele ya watoto!"

"Awoowe, umepigwa!" yule Mluhya akaita kwa Kisomali, darasa likapasuka.

Nikamwangalia Hamdi. Amemlalia msichana wa Kikamba begani, wanacheka mpaka machozi. Kule private nilionyeshwa zulia na kompyuta. Hii sikuonyeshwa.

Sikumtoa. Lakini hasira niliyoamka nayo lazima ingetumika mahali. Nikaingia kwa mwalimu mkuu kuhusu choo. Akasema "tutaangalia". Nikamwambia nitaangalia pamoja na yeye, nikakaa ofisini mpaka fundi akaja. Komeo liko.

Nilichojifunza: kabla hujamtoa mtoto, kalia dawati lake kwanza. Kichina kitamfikisha wapi, sijui. Kwenda shule anakimbia, hiyo naiona.

Jana wifi kaja tena na ngamia wake. Awoowe akatandika shali magotini, akamwambia binti yake, "Lete mkono nikujibu kwa Kichina. Hamdi amenifundisha."

Wenye watoto shule kama hizi, Wajir, Mandera, popote, mmeona nini? Hata wa kunitukana njooni, leo niko na moyo mzuri.