Jahazi Lililokuja Kambu kwa Lori

Harufu ya mafuta ya papa ikinipata popote, narudi uani kwetu Kambu, siku lori liliposhusha mbao za mjomba Musyoka.

Zilikuwa nzito, nyeusi, zimepinda kidogo, na kwenye nyufa zake mlishindiliwa nyuzi za pamba. Nilikuwa msichana wa miaka minane ambaye hajawahi kuona mbao zinazonuka samaki. Nikaulamba mmoja. Ulikuwa na chumvi.

Mjomba, kaka yake mama, tuliambiwa ni karani katika ofisi moja Mombasa. Susu, yaani nyanya yetu, aliwasimulia wenzake kanisani mpaka habari za feni iliyozunguka juu ya meza yake. Siku mbili nilimfuata mjomba kwa maswali, naye akafurahi kuulizwa. Pamba huzuia maji, alinieleza, na mafuta huzuia ubao usioze. Mbao hizo zilikuwa za jahazi lililoleta boriti za mikoko kutoka Lamu, likarudi na unga na saruji, hadi likachakaa na kuvunjwa. Kulikuwa na mtu, alisema, wa kukaa chini humo akichota maji yaliyovuja.

Tukila muthokoi mchana, nikamwuliza mbele ya wote: "Mjomba, ulipokuwa unachota yale maji, hukuogopa kuzama?"

Mama akaacha kupakua. Mjomba akatazama sahani yake, kisha akakubali. Hakuwahi kuwa karani. Miaka kumi na tisa alikuwa baharini, na hata kuogelea hajui. Alificha ili mama yake apate usingizi.

Susu hakupandisha sauti. "Nimekuombea miaka yote hiyo mkubwa wako asikufute kazi," alisema. "Mawimbi sikuyaombea hata siku moja."

Akainuka, akaacha chakula. Nilijua nimeharibu.

Siku ya tatu nilimkuta susu ameketi juu ya zile mbao, mjomba kando yake. Alimtaka amwonyeshe ubao uliokuwa karibu na pale alipokaa. Akauliza walikula nini, nani alimuuguza akishikwa na homa, na bahari ikichafuka alishika wapi. Aliuliza kunishinda mimi.

Nilidhani kilichomuudhi ni uongo. Leo binti yangu anafanya kazi ng'ambo, na kila nikimpigia ananijibu, "Niko sawa, mama," upesi mno. Ndipo nilipomwelewa susu. Hofu ile ya bahari ilikuwa haki yake kama mama, na mwanawe alikuwa ameibeba peke yake.