Avokado Zisizo na Mwenyewe

Gladys Nyanchama, ofisa wa mipango ya mji pale Kisii, ana ulimi mwepesi na kichwa kigumu, na vyote viwili amevirithi kwa mamake, kijijini Kebirigo. Wenzake walipotaka maua kando ya barabara ya soko, yeye aliwauliza, "Maua tutakula na ugali?" Akapanda miti ya avokado, na kiangazi kilipobana akaimwagilia mwenyewe.

Mwaka huu ikazaa, weh! Matawi yakainama. Lakini watu wakawa wanapita tu. Avokado zikaanguka, zikaoza, wapita njia wakateleza. Bosi wake akapata la kusema: "Hazina mwenyewe wala mlaji. Ijumaa miti inakatwa, tupate pa kuegesha magari." Gladys akakosa hata hamu ya chai.

Akamwendea Ogoti, fundi wa viatu anayeshonea chini ya mti wa kwanza. "Kaka, unashinda na njaa na chakula kiko juu ya kichwa chako. Mbona huli?"

"Nile za nani?"

"Za watu wote!"

"Hao sijaonana nao," Ogoti akajibu, sindano haijasimama. "Nichume, kesho niitwe mwizi?"

Ala! Gladys akajipiga paji la uso. Hata kwao Kebirigo, nani huchuma cha mtu bila kubisha hodi? Amewapandia watu chakula, akasahau kuwapa wa kumwomba. Papo hapo akasema, "Basi mti huu ni wako kuuangalia. Mtu akitaka, akuombe, nawe usimnyime." Wa pili akamkabidhi Nyaboke, muuza dagaa wa omena, wa tatu kinyozi Thadeus, hivyo hivyo hadi mwisho wa barabara.

Hapo ndipo barabara ilipochangamka. Mtu anafika, anasalimu, anauliza watoto wameamkaje, anaomba, anapewa mbili na umbea wa nyongeza. Hakuna iliyooza tena.

Ijumaa bosi akaja na vijana wa msumeno. Ogoti akainuka, kiatu cha mteja mkononi. "Mnakata mti wangu?"

"Na wangu?" Nyaboke akadakia. Kinyozi naye akatoka, mteja wake kanyolewa nusu kichwa.

Bosi akatazama huku, akatazama kule, akaamuru msumeno urudi garini. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwomba Nyaboke mbili zilizoiva.

Gladys alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akanyoosha mkono mtini, akashika moja iliyonona.

"We dada!" Ogoti akamfokea. "Umemwomba nani?"