Samaki Mbichi Melini

Uweso wa Mabawa alikuwa amepakia katani melini miaka kumi na miwili, na hakuwahi kualikwa kula humo mpaka ilipokuja meli ya Wajapani. Mpishi wao, mzee mfupi aliyezungumza kwa mikono, alimkalisha jikoni akampa wali usio na nazi wala chumvi, na juu yake vipande vya samaki mbichi. Wali aliumaliza. Samaki alimsogeza pembeni. Mpishi akaliondoa bakuli bila kumtazama tena, na jambo hilo likamkaa Uweso rohoni hadi nyumbani.

"Mbichi? Amekuona paka?" Mwanamkasi, mkewe, alicheka.

"Usicheke. Mtu kanikaribisha kwake, nami nimemtia haya. Na kesho wanaondoka."

Mwanamkasi akaloweka kunde. "Basi naye aonje chetu. Nitwangie pilipili."

Alfajiri wakakaanga bajia. Kule melini mpishi aling'ata moja, uso ukamwiva, machozi yakamtoka. Uweso akadhani ameharibu mara ya pili. Lakini mzee yule alijipangusa, akachukua nyingine, na nyingine, mpaka karatasi ikabaki na mafuta tu.

Hapo Uweso akaona hana pa kujificha. Akamwonyesha samaki kwa kidole, akapewa kipande, akapiga bismillahi, akatafuna.

"Mtamu?" Mwanamkasi alimuuliza jioni.

Uweso alifikiri kidogo. "Wa baridi, kama umekunywa bahari. Lakini kipande cha pili nilichukua mwenyewe."