Mwali wa Mjomba na Gogo la Kuteremkia

Enzi zetu pikipiki ilisikika asubuhi ikafika mchana. Natia chumvi kidogo, lakini mliolelewa kule juu, kati ya Newala na Kitangari, mnanielewa. Barabara ilikuwa mchanga mtupu, mwekundu na mzito, na pikipiki zilikuwa za kuhesabika. Ukisikia ngurumo ulikuwa na muda wa kumaliza kutwanga, kunawa uso, kujifunga kanga vizuri na kwenda kusimama njiani, na bado ungeisubiri. Vijana wa siku hizi wanapita mbio kama wamechokozwa na nyuki. Ukigeuka kuwasalimia, unasalimia vumbi.

Nakumbuka harufu ya ganda la korosho likiungua, moshi wake unaowasha macho, na vidole vyeusi ambavyo mwalimu alivikagua kila asubuhi kabla ya wimbo. Nakumbuka mabibo ya mikorosho yaliyotuachia madoa kifuani, madoa ambayo hayakutoka hata mama asugue vipi. Msimu wa njaa tulichimba ming'oko, mizizi ya porini, tukaila ya moto huku tukipuliza vidole. Maji tuliyafuata bondeni kabla jua halijachomoza, mtungi kichwani, na kupanda nayo kulikuwa shule tosha. Shule yenyewe ilikuwa na mahandaki nyuma ya madarasa, maana ng'ambo ya Ruvuma watu walikuwa vitani. Ndege ikipita juu, mwalimu alipuliza filimbi nasi tukaruka ndani, na mdogo wangu Hamisi kila mara alitoka na mjusi mfukoni. Jioni tulicheza kombolela kana kwamba dunia nzima ina amani.

Pikipiki ya ukoo wetu ilikuwa ya Mjomba Ismaili, kaka yake mama. Aliachiwa na mzungu mmoja mpimaji wa ardhi aliyerudi kwao wakati wa uhuru. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara pana za Ulaya: tangi kubwa kama tumbo la ng'ombe, kiti cha watu wawili wanene, keria ya chuma nyuma. Mjomba aliificha ndani, akaifunika kaniki, na siku ya kuitoa aliiosha, akaisugua na kuipaka mafuta ya nyonyo mpaka ikameta. Wanawake walimcheka, wakasema huyo sasa ni mwali anayetolewa unyagoni. Jina likabaki hilo, Mwali. Mjomba hakukasirika. "Mwali hatoki mkavu," alisema, na kila chuma kilichoweza kupakwa mafuta alikipaka.

Sasa niwaambie habari za breki. Pikipiki zile zilikuwa na breki za ngoma, zilizofichwa ndani ya gurudumu: viatu viwili vinatanuka na kusugua chuma kwa ndani. Asubuhi, zikiwa baridi, zilikamata vizuri, lakini zikipata moto zilichoka kama sisi tulivyochoka. Ulibana mkono mpaka vidole vikauma, na Mwali aliendelea na safari yake. Kule juu hatukujali, kwa sababu mchanga ndio uliokuwa breki. Uliachia mafuta tu, ukasimama. Watu wengi wa kwetu waliendesha miaka mingi bila kujua kama breki zao ni nzima au zilikwishakufa. Mjomba alikuwa na msemo wake: "Ya mbele inasimamisha, ya nyuma inanyoosha, gia ndiyo inayoteremsha. Zote zikikataa, kuna gogo."

Gogo hilo halikuwa mzaha. Pale uwanda unapokatika na njia kuanza kuporomoka kwenda bondeni, kila mwenye pikipiki alisimama, akakata tawi nene la mkorosho mkavu, akalifunga kwa kamba kwenye keria na kuliburuta mpaka chini. Aliyepanda nyuma ndiye aliyekuwa mwangalizi wa gogo. Alipaswa kukaa nusu amegeuka, na gogo likienda upande alivuta kamba kulinyoosha. Tangu nilipopata nguvu za mikono, kazi hiyo ilikuwa yangu. Wenzangu walijua kusuka ukili, mimi nilijua kusuka kona.

Chini kabisa, njia inaponyooka, palikuwa na nyumba ya Mama Rehema, Mmakua na mtani wetu. Ilikuwa desturi kufungua gogo mlangoni kwake, basi yeye hakuwahi kwenda kuni. Akitusikia tu, alitoka akiwa ameshika kiuno.

"Wamakonde, leo mmeniletea kuni au mkaa?"

"Kuni, mtani," Mjomba alijibu. "Mkaa uko ndani ya magurudumu."

"Basi nitie chungu hapo hapo. Na huyo msichana mwache, nimwoze mwanangu."

"Huyu? Utampa nini ale? Panya?"

Walitukanana hivyo mpaka chuma kikapoa, kisha tukaendelea kwenda Masasi sokoni.

Baba alikufa kwa homa. Mama akamfuata kabla mikorosho haijachanua tena. Tulibaki wanne: mimi Somoe, Hamisi, Bakari, na Sikudhani aliyekuwa bado anatembea kwa kuyumba. Nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule bila mtu kuniambia, nikaamka tu siku moja nikachukua mtungi badala ya daftari. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baada ya arobaini ukoo ulikaa ukaamua kwamba wavulana watakuwa kwa Mjomba, mimi nitatafutiwa mume, na Sikudhani atapelekwa Mikindani kwa mama mdogo ambaye hakujaliwa mtoto. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Waliona wanagawana mzigo ili usimwangukie mmoja.

Nilimfuata Mjomba alipokuwa akipalilia. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Mjomba, usitutawanye. Nitalima. Nitawalea."

Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. "Wewe mwenyewe bado unalelewa, mwanangu," alisema. "Tuvune korosho kwanza."

Nikajua kwamba tukimaliza kuvuna, Sikudhani ataondoka. Petroli ilikuwa adimu siku zile, nyingi ilikwenda kwa wanajeshi, na Mjomba alikuwa akiikusanya kidogo kidogo kwenye dumu chini ya kitanda chake. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Kila nilipofagia chumba kile niliinua dumu kulipima uzito, na kila mara lilikuwa limeongezeka.

Korosho ya mwisho ilipoingia guniani, Mjomba alimtoa Mwali. Breki zake zilikuwa na kelele kama mbuzi anayechinjwa, na Sikudhani kila alipozisikia alilia mpaka akapaliwa. Mjomba alimpenda sana yule mtoto. Hakutaka alie njia nzima mpaka Mikindani. Basi jioni ile alifungua magurudumu, na kama alivyozoea kwa kila chuma kinacholia, akazipaka breki mafuta ya nyonyo, ndani kabisa, kwa unyoya wa kuku. Alipoisukuma uani, Mwali hakutoa hata mguno. Sikudhani akapiga makofi. "Umeona?" Mjomba akaniambia. "Alikuwa anaomba mafuta tu."

Asubuhi Sikudhani aliamka anaungua. Jua lilipopanda macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, degedege. Mganga wa zahanati ya kijiji alimtazama mara moja akasema apelekwe Ndanda, hospitali ya misheni, na asicheleweshwe. Basi halikuwa na siku maalumu. Mjomba aliingia ndani, akatoka na lile dumu, akalimimina lote kwenye tangi.

Nilimfunga Sikudhani kifuani kwangu kwa kanga mbili, akawa katikati yangu na mgongo wa Mjomba. Juu ya mchanga tulikwenda salama. Penye mteremko tukafunga gogo kama kawaida, na Mjomba akasoma dua. Kona ya kwanza tu nilimwona amebana mkono wa breki mpaka ukagusa usukani.

"Somoe," alisema, "breki hazilii."

"Si ulizipaka mafuta, Mjomba?"

Alikanyaga ya nyuma, ikazama bila kukamata. Akashusha gia, akashusha tena, injini ikapiga kelele kama inararuka, lakini Mwali alikuwa mzito na bonde lilikuwa likimwita. Kitu pekee kilichotuzuia kilikuwa gogo. Nilipogeuka kulitazama nikaona fundo la kamba linateleza kwenye keria. Hata kamba ilikuwa imeshika mafuta ya jana.

Niliidaka kamba iliposalia mwisho mfupi tu. Nikaizungusha kwenye chuma cha keria, nikajifungia iliyobaki viganjani, nikavuta kwa mwili wangu wote huku mtoto ananichoma kifuani kwa homa.

"Unashika?" Mjomba aliuliza bila kugeuka.

"Nashika."

"Mikono inauma?"

"Endesha, Mjomba."

Kona ya pili gogo lilitaka kutupiku, nikalirudisha. Kona ya tatu kamba ilikuwa inatoa moshi, au labda ni ngozi yangu, sikutazama. Niliwaza jambo moja tu, kwamba nikiachia kamba ninamwachia Sikudhani, na nilikwishakataa kumwachia kwa maneno, basi nisingemwachia kwa mikono. Mjomba aliendelea kuuliza, "Unashika?" nami nikaendelea kujibu, mpaka ardhi ikalala na Mwali akapungua, akaguna, akasimama mlangoni kwa Mama Rehema.

Alitoka ameshika kiuno, utani uko tayari mdomoni. Akaniona mikono. Akarudi ndani, akatoka na mtungi wake wote wa maji, akaninyweshea viganja taratibu kama anayemwagilia mche. "Gogo lako sitalichoma," alimwambia Mjomba, na hilo tu ndilo alilosema siku ile. Kuanzia hapo barabara ilikuwa tambarare. Tulifika Ndanda kwa gia ya pili, na wauguzi wakampokea Sikudhani mikononi mwangu, kisha wakaomba na mikono yenyewe.

Homa ilimwachia baada ya siku kadhaa. Alipoomba uji nikajua amerudi. Mjomba alikuja kukaa kwenye benchi la wodi, kofia magotini, akanitazama nilivyokuwa nimefungwa bandeji kama bondia.

"Mama yako mdogo atauliza mtoto analetwa lini," alisema.

Nilimsogeza Sikudhani karibu yangu kwa kiwiko.

"Nitamwambia petroli ya Mikindani imekwisha." Akaikunja kofia, akaikunjua. "Na nyingine sikusanyi. Mtoto ambaye hukumwachia pale sina mahali pa kumpeleka."

Tukarudi kupanda mlima kwa lori, Mwali amelazwa juu ya magunia. Breki zake zilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka zikalia tena, na Sikudhani akalia nazo, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Leo Sikudhani ni mama mwenye mvi, na kijana wake wa mwisho anaendesha bodaboda pale Masasi. Pikipiki yake ina breki za sahani. Akigusa kwa kidole kimoja inasimama, na mimi nampiga kichwa mgongoni. Ni breki nzuri kuliko zetu, sikatai. Nao mteremko umetiwa lami, na nyumba ya Mama Rehema haipo, na vijana wakimsikia mtu akisema alishuka hapo akiburuta mkorosho wanamtazama kama amekunywa uraka, pombe ya mabibo, asubuhi. Hamisi yuko Dar es Salaam, Bakari yuko Tunduru. Simu tunazo wote. Zamani hatukuwa na simu wala breki, lakini jioni tulikula sahani moja, na mkono wa Bakari ulikuwa daima upande wa samaki.

Kijana ananipandisha kila Ijumaa kwenda kuzuru makaburi, kisha ananiteremsha. Ananiambia, "Mama mkubwa, nishike mimi kiunoni." Namshika. Lakini kona ya kwanza ikifika, mkono wangu wa kulia unamwachia wenyewe, unarudi nyuma kwenye keria, unaitafuta kamba.

"Unashika nini huko?" ananiuliza.

"Endesha, mwanangu," namwambia. "Nashika."