Jogoo wa Mama Paskazia

Damas wa Chemchem, mjini Tabora, alikuwa dereva wa lori, na barabarani hakuna kilichomtisha. Simba alishawahi kumpisha njiani, na mito iliyofurika alishaivuka huku utingo wake akilia. Alichokiogopa kilikuwa kinaishi Goweko, kilijifunika kaniki, na ndicho kilichomzaa mke wake.

Si kwamba Mama Paskazia alikuwa mkali. Damas asingeweza kujua kama ni mkali, kwa sababu tangu amwoe Josepha, mama huyo hakuwahi kumwambia neno. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ukoo wao, na ubatizo wa Kikatoliki haukuibadilisha hata chembe: mama na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai karibu wala hawasemezani, mpaka mkwe alete mbuzi wa kumfunua mama uso. Na mbuzi huyo haletwi ovyo. Huletwa siku mtoto wa kwanza anapobatizwa, mzima, anapiga kelele. Damas aliwahi kumnunua mbuzi huyo mapema, kwa furaha. Mtoto hakumaliza wiki. Mbuzi akauzwa, na hakuna aliyemtaja tena.

Sasa Josepha alikuwa mjamzito tena, mimba imekua, na alikuwa na ombi moja tu: mama yake awe karibu siku ikifika. Mara ya kwanza mama hakuja. Josepha hakusema kwamba ndiyo sababu ya msiba ule, ila hakusema pia kwamba siyo.

Mtu atauliza, Goweko si kuna stesheni? Ipo. Lakini Mama Paskazia na treni walikuwa hawapatani. Zamani treni ilimgonga mtamba wake mwekundu ikaendelea na safari yake bila kusimama hata kutoa pole, naye akaapa kwamba nauli yake hataila muuaji. Akina Padre walimsihi, mumewe Ambrosi alimsihi, na treni ikaendelea kupita bila yeye.

Basi Jumamosi moja ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Damas alimwomba tajiri wake Shaban, muuza mbao wa mjini, amwazime lori. Akaliosha likang'aa, akapakia sukari na kaniki mpya, akampandisha Josepha kwa uangalifu kama anapakia mayai, wakaenda Goweko kumchukua mama.

Walipokelewa vizuri. Damas alitoa shikamoo yake kwa mzee Ambrosi, akaitikiwa marahaba, akaletewa ugali wa mtama na nsansa, mboga ambayo hakuna mtu wa mjini anayeijua kuipika. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, anasikika ila haonekani. Uani alikuwepo jogoo wake mwekundu, mnene, mwenye kujiona. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Jogoo," sauti ikatoka nyuma ya ukuta, "mwulize mwenye lori kama mke wake anakula."

Damas akamgeukia jogoo kwa heshima zote. "Jogoo, mwambie mama anakula sana. Juzi amemaliza mpaka maharage niliyowekewa mimi."

"Mwambie mwanamume anayehesabu maharage ya mjamzito ana lake jambo."

Jogoo alidonoa punje akaenda zake. Josepha, aliyekuwa amekaa katikati yao na angeweza kupeleka maneno yote hayo bila shida, alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

Jumapili baada ya sala, Damas akakusanya ujasiri akaomba. Aliomba kwa urefu, na jogoo alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nyuma ya ukuta masharti yakaanza kushuka.

"Jogoo, mwambie nitakwenda. Ila nitakaa nyuma ya lori, na yeye asigeuke kunitazama. Wewe utakuja nami. Na nikipata aibu njiani, hata ya kiasi gani, nateremka narudi kwa miguu."

Mzee Ambrosi alimsogelea Damas akamnong'oneza, "Hatanii huyo. Endesha polepole."

Waliondoka mchana. Mama alikaa nyuma juu ya magunia, amejifunika kaniki, jogoo kando yake ndani ya tenga, na sufuria mpya ya zawadi mapajani. Damas aliendesha huku shingo imekakamaa, kwa kuogopa isije ikageuka yenyewe. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri.

Kisha mbingu ikawa nyeusi upande wa Tabora, upepo ukapiga, na mvua ya mawe ikashuka. Wenyeji wanaijua, lakini ya siku ile ilikuwa na hasira zake. Mawe yalikuwa kama mayai ya njiwa, na paa la lori lilipiga kelele mpaka Josepha akaziba masikio. Damas akasimama.

"Jogoo," alipaza sauti akitazama mbele, "mwambie mama aje huku ndani."

"Jogoo, mwambie siwezi kukaa paja kwa paja na mkwe wangu."

"Mama, utaumia," Josepha alilia.

"Nina sufuria," mama alijibu.

Ni kweli alikuwa nayo. Alikuwa ameivaa kichwani, na kila jiwe lililoipiga lililia kama kengele ya kanisa. Damas alishindwa kuvumilia sauti ile. Akaondoa lori atafute mti mkubwa mbele, lakini barabara ilishakuwa nyeupe na laini, magurudumu yakapoteza mshiko, na lori likateleza taratibu, kwa adabu kabisa, mpaka gurudumu la nyuma likaingia mtaroni.

Mvua ya mawe ikakatika kama ilivyoanza. Damas alishuka akasimama akitetemeka kwa baridi. Pori lote lilikuwa jeupe. Nchi ya namna hiyo alishaiona mara moja tu, kwenye kalenda ya Padre kule Kipalapala: nyumba, miti na njia vimefunikwa theluji, na mtu mmoja mwenye koti anarudi nyumbani kana kwamba hakuna jambo. Siku ile Damas alimwonea huruma mtu yule. Leo angebadilishana naye, kwa sababu yule walau alikuwa na koti.

Akamweka Josepha kwenye usukani, akamfundisha pedali mbili, "Ukiachia hii, ukanyage hii." Akaenda nyuma kusukuma. Aliteleza akapiga magoti. Akasukuma tena, akalala kifudifudi kwenye barafu. Ndipo akaona miguu ya mama mkwe mbele ya uso wake, na haraka akafumba macho.

"Jogoo," mama alianza.

Ila jogoo alikuwa mkononi mwake, ameshikwa miguu, kichwa kinaning'inia. Alikuwa ametoa kichwa nje ya tenga kutazama mambo, na jiwe likampata.

"Jogoo amekufa," mama alisema. "Kwa hiyo fumbua macho unisikilize wewe. Unasukuma kwa mikono kama unakanda unga. Weka bega."

Damas aliweka bega. Mama naye akaweka bega lake, likagusana na la mkwe wake, na matope yakawarukia wote wawili bila kubagua. Kaniki ikaanguka. Wakateleza, mama akaangukia mguu wa Damas, wakainuka, wakasukuma tena, na lori likatoka mtaroni kwa kishindo. Likaendelea. Likazidi kuendelea, kwa kuwa Josepha alifundishwa kuondoka ila kusimama hakufundishwa, na mama na mkwe wakalikimbilia kwenye barafu wakipiga kelele, "Ya katikati, kanyaga ya katikati," mpaka likazimika lenyewe.

Damas alianza kucheka. Kisha akageuka, na kicheko kikamkauka.

Mama Paskazia alikuwa amesimama katikati ya barabara, kichwa wazi, mvi zake zinadondosha maji, uso umeelekea Goweko. Alisema akipata aibu atarudi kwa miguu, na aibu alikuwa ameipata yote, hakuna iliyobaki. Hakuwa mtu wa kuvunja neno lake, hata treni inajua hilo.

Damas hakuwa na jogoo wa kumsemea. Akasema mwenyewe, akimtazama.

"Mama, usirudi. Mara ile nilikuwa peke yangu mlangoni na sikujua la kufanya. Josepha alikuwa anakuita wewe. Mimi naogopa, Mama."

Mama alifuta matope shavuni kwa mkono wake.

"Yule mbuzi wa kwanza," aliuliza, "alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Safari hii tafuta mweusi."

Akampita, akafungua mlango wa mbele, akakaa katikati, jogoo mapajani. Baada ya mwendo kidogo akasema kwamba mjamzito anahitaji mchuzi wa jogoo, na kwamba mawe yale yakishayeyuka hakuna mtu aliyesukumana na mtu, na Goweko wasisikie. Josepha na Damas wakaitikia.

Shaban alipoliona paa la lori alifikiri limepigwa marungu. Alilizunguka mara kadhaa, kisha akauliza kama mama amefika salama. Damas akasema amefika. Shaban akasema basi.

Na amefika kweli. Tangu siku ile mama mkwe alisema na Damas uso kwa uso, na alikuwa na maneno ya miaka yote aliyoyaweka akiba. Alimwambia anavyokoroma. Alimwambia paa linavuja, kuni ni mbichi, shati halijapigwa pasi. Kabla ya Krismasi Damas alianza kumkumbuka yule jogoo kwa uchungu wa kweli.

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, mama akiwa amemshika Josepha mgongo. Siku ya ubatizo ndugu wa Goweko walikuja kwa treni wakajaa sebuleni. Mama Paskazia aliketi mkekani amejifunika kaniki mpya gubigubi, kama mtu ambaye hajawahi kumwona mkwe wake maishani. Damas akaingia na mbuzi mweusi, akapiga magoti mbele ya ndugu wote. Mama akaifunua kaniki taratibu. Akamtazama kuanzia utosini hadi magotini.

"Kumbe ndiye huyu," alisema. "Nilidhani ni mrefu zaidi."

Josepha akaangua kicheko kilichomtikisa mtoto mapajani. Mtoto akaamka akapiga kelele zilizojaa nyumba nzima, na hakuna hata mmoja aliyemnyamazisha.