Mama Vifungo na Barabara Isiyo na Magari

Tangu asubuhi Mama Vifungo alikuwa roho juu. Mkono wa gauni la mteja aliushona kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Nani angemlaumu? Mumewe alikuwa anatoka hospitali siku hiyo, nyonga imetiwa vyuma, na daktari alikuwa amesema jambo moja lililomnyima usingizi: "Asianguke. Akianguka tena, kutembea basi."

Na sasa hiyo barabara! Mama Vifungo mwenyewe ndiye aliyewakusanya wenye maduka wenzake akawaongoza mpaka kwa diwani. Magari yanaegeshwa hadi mlangoni, alilalamika, wateja hawaioni hata cherehani yangu. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Diwani naye, uchaguzi ukimnyemelea, hakusubiri kuambiwa mara mbili: mistari ya njano ya kukataza kuegesha ikachorwa huku na huku, mgambo akawekwa na minyororo yake ya kufungia magurudumu. Mama Vifungo akapiga vigelegele. Jamani, ushindi ulikuwa mtamu!

Teksi ya shemeji yake ilipotokea kwenye kona ikimleta mumewe, alitoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Simama hapa hapa, shemeji!"

Mgambo akainua mkono. "Hapasimamwi, mama."

"Dakika moja tu, kaka yangu. Nina mgonjwa humo!"

"Juzi nilimpa dakika moja yule dereva wa magunia, ukaenda kunishtaki kwa diwani." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto nyumbani, na aliogopa kibarua chake kisije kikaota nyasi. "Leo nikikupa wewe, mimi nitakula wapi?"

Honi zikawa zinalia nyuma. Shemeji hakuwa na la kufanya, akaendesha mpaka mwisho wa barabara, akamshusha mzee kwenye geti la maegesho ya soko, akaingia ndani kutafuta nafasi. "Nisubiri hapo," alimwambia. Lakini mzee na ubishi wake! Akachukua magongo yake mawili, akaanza safari peke yake kuelekea dukani, ambako nyuma yake ndiko walikoishi.

Zamani angeshika gari hili, akaegemea lile, akapumua. Sasa palikuwa peupe pe! Alipofika katikati, gongo moja likaanza kutetemeka. Mama Vifungo akaangaza kushoto na kulia atafute kitu ambacho mume wake angeweza kukishika, hata mlingoti. Hapakuwa na kitu. Akakimbia, akaingiza bega lake kwapani mwa mumewe, na mzee akamlemea kwa uzito wake wote. Wakayumba wote wawili, wakasimama.

"Taratibu, baba watoto. Nimekushika."

Mzee alivuta pumzi, akaitazama barabara, akatabasamu. "Kumbe ndiyo hii uliyokuwa ukinisimulia hospitalini? Hongera, mke wangu. Kweli mmeisafisha."

Mama Vifungo alikuwa analia. "Usiiangalie," akasema. "Angalia miguu yako."